Bendera Iliyofutwa

Mashine ile ilirudi karakana kwa sababu ya kioo kilichopasuka. Kosa langu nililikuta nikitafuta jingine.

Ni mashine ya joto ya watoto njiti, na programu yake niliiandika mwenyewe. Ndani kuna kichakataji kidogo, bwana mkubwa wa mashine, na pembeni yake kuna mpagazi: sehemu inayobeba vipimo kutoka kwenye vihisio hadi kwenye kumbukumbu, ili bwana mkubwa asisumbuliwe kwa kila namba. Chaneli ya kwanza hubeba joto, ya pili hubeba pumzi. Mzigo ukifika, au ukikwama, mpagazi huinua bendera, yaani alama ya taarifa, kwenye rejista ya hali na kumkatiza bwana mkubwa shughuli zake. Kipande cha programu kinachoitikia husoma bendera, hufanya linalokipasa, kisha huifuta. Bendera yake tu. Mimi, kwa kupenda usafi usio na maana, chaneli ya pili ilipomaliza kazi nilifuta zote kwa mpigo. Mstari mmoja.

Niliiunga kwenye kompyuta, nikailazimisha chaneli ya kwanza ikwame palepale ya pili inapomaliza. Bendera ya kosa iliinuka, ikafutwa kabla ya kusomwa. Kengele haikulia. Mpagazi wa joto alisimama, na kioo cha vipimo kikabaki na namba ya mwisho aliyoileta: thelathini na sita na nusu. Nikazima kipasha joto, kama kinavyoweza kuzimika chenyewe kikifuata namba iliyoganda. Baada ya dakika arobaini nilitia mkono ndani, kumepoa kama sakafu, na namba ni ileile.

"Kilisema thelathini na sita na nusu, kaka. Nilikuwa nakiangalia kila mara." Hayo mdogo wangu aliniambia mwaka jana. Alikuwa muuguzi wa wodi ya njiti, peke yake mchana kutwa na watoto kumi na mmoja. Mmoja, aliyelazwa kwenye mashine hii, alikutwa amekufa kwa baridi. Wakubwa wakasema muuguzi alisinzia. Mashine ikaletwa kwangu. Nikaipima siku mbili, haikukosea hata mara moja, nikaandika kwamba ni nzima na nikatia sahihi. Undugu wetu ndio ulioipa karatasi ile uzito. Hata kaka yake, watu walisema, hata kaka yake kashindwa kumtetea.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nguo yenyewe nilikuwa mimi.

Nilimkuta kwake akipiga pasi nguo za watu, kazi aliyobaki nayo.

"Mdogo wangu, hukulala," nilisema, hata salamu sikutoa. Nikamweleza yote, mpagazi, bendera, mstari wangu. Yeye aliendelea kunyoosha kola.

"Kaka, una moyo mzuri."

"Si moyo! Ni kosa langu, nimeliona kwa macho yangu."

"Wewe si ndiye uliyeniambia nikubali, yaishe?"

"Nilikosea. Nisamehe."

"Mwanzoni nilidanganya tu ili yaishe." Aliisimamisha pasi. "Halafu nikaanza kukumbuka. Kile kiti. Feni. Shingo inalegea. Nikaenda kwa mama wa mtoto, nikapiga magoti, nikamwambia nililala. Alinishika mkono, akanishukuru kwa kusema kweli."

Nilimtandikia karatasi niliyoichapa programu juu ya shati la mtu, nikamwekea kidole kwenye mstari. Nililia mbele yake bila aibu. Yeye aliutazama mstari kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua, kisha akaikunja karatasi vizuri na kunirudishia.

"Umehangaika sana kunitungia hii," alisema. "Asante. Lakini nililala, kaka. Mpaka ndoto niliyoota naikumbuka."