Jiko Lisilo na Samaki

Mwanzoni Rosaria alidhani macho yake yamechoka. Magunia mawili ya samaki wakavu yalikuwa yameegemea ukuta wa jiko la kanisa, midomo wazi, mvua ya Januari imekatika na jua limetoka kali. Nzi walijaa kwenye maganda ya mihogo, kwenye kizingiti, hata miguuni pake. Kwenye samaki hakutua hata mmoja.

Alichukua samaki akamnusa. Chini ya harufu ya moshi kulikuwa na nyingine, kali, yenye kukwama kooni, kama ile dawa inayopulizwa ukutani kuua mbu.

Rosaria alizaliwa Pweto, upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, akaolewa Nchelenge na mvuvi. Mwaka ule wa tisini na nane kanisa lilimkabidhi jiko, kwa kuwa akina mama themanini walikuwa wanakuja kwenye mkutano wa siku tatu, wengine kutoka Chienge. Uvuvi ulikuwa umefungwa mpaka Machi na samaki walikuwa adimu. Kwa hiyo Hervé, mchuuzi kutoka Kongo, alipotoa magunia yale bure, Mzee Chabu wa kanisa alimsifu mbele ya waumini wote.

Rosaria akamfuata Chabu nyumbani kwake.

"Mzee, wale samaki hawafai. Nzi wanawakimbia."

"Sasa ulitaka nzi?" Chabu alicheka, kisha uso ukakaza. "Mama, usituaibishe. Mtu ametoa sadaka."

"Mimi siwapiki. Wageni watakula vya shambani tu."

"Majani? Hapa kando ya ziwa?"

"Hapa hapa."

Zilibaki siku nne. Maharagwe aliyapata kwa mwanamke aliyeshuka na mzigo kutoka Kawambwa. Aliyamwaga majini, yaliyoelea akayatupa. Haukuwa msimu wa karanga, akazunguka nyumba kwa nyumba akiomba mabaki ya mbegu. Unga wa mihogo ulikuwepo, sombe, yaani majani ya mihogo, na majani ya maboga yalikuwa tele, na uyoga mvua ilikuwa imeuleta yenyewe. Alitafuta mawese, chumvi, na chikanda, vile viazi vidogo vya porini ambavyo wenyeji huvitwanga na karanga, wakavipika mpaka vigande na kukatwa vipande kama nyama.

Kila kilichoingia jikoni alikionja kwanza, peke yake, kisha akangoja mpaka mchana asikie tumbo litasema nini. Mumewe alimwambia anaanza kuwa kama mtu aliyerogwa. Usiku alilala na ufunguo wa jiko mkononi.

Siku moja kabla ya mkutano Hervé alikuja, viatu vimepakwa rangi, tabasamu mdomoni.

"Mama Rosaria, banasema unakatala samaki yangu. Juu ya nini?"

Rosaria aliondoa sufuria mekoni, akampakulia bukari, ugali wa mihogo, na kipande cha samaki kutoka gunia la Hervé mwenyewe, akamwekea sahani mbele.

"Kaka, njo samaki yako hii. Kula weye kwanza, miye nitakula nyuma."

Hervé alitazama sahani. Akatazama ziwa.

"Leo niko nafunga, mama. Ya maombi."

"Asubui nilikuona ku soko, unakula mandazi."

Tabasamu likaondoka. Alisogeza sahani kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayesogeza kitu cha moto.

"Badudu banamaliza samaki," alisema kwa sauti ndogo. "Kila mutu anatia dawa kidogo. Kidogo tu."

"Basi beba bintu yako."

Rosaria mwenyewe aliyafunga magunia kwa kamba nyekundu na kumsaidia kuyapandisha kwenye toroli. Alimwambia hata aksanti.

Mkutano ulianza. Siku ya kwanza akina mama wa Chienge walinung'unika; siku ya tatu waligombania chikanda. Adhuhuri hiyo, akiwa mlangoni, Rosaria aliona lori la njia ya Mwense likipakia barabarani. Magunia mawili yenye kamba nyekundu yalipanda juu ya mengine. Alifuta mikono, akatembea hatua mbili. Mtu akamwita kuomba chumvi. Akageuka.

Habari ilifika baada ya siku tano, mdomoni mwa abiria wa basi. Huko njia ya Mwense watu walikula samaki wakavu kwenye kilio. Kumi na mmoja walipelekwa hospitali, na watano wamekwisha kuzikwa, wawili kati yao watoto. Hakuna aliyejua samaki walitoka wapi. Hervé alikuwa ameshavuka ziwa.

Mzee Chabu alikuja kofia mkononi.

"Mama, umetuokoa. Jumapili nitalitaja jina lako mbele ya watu."

"Usinitaje."

"Kwa nini?"

"Magunia yale niliyafunga kwa mikono yangu, mzee. Shimo la takataka liko hatua kumi nyuma ya jiko, na kiberiti nilikuwa nacho. Nilichotaka ni yatoke kwangu tu."

Chabu alivaa kofia yake, akatoka.

Jumatatu Rosaria alikusanya maharagwe yaliyobaki, karanga, na dumu la mawese, akavipeleka kituo cha basi. Dereva alimuuliza anakwenda kwa nani.

"Kwa wafiwa, njia ya Mwense."

"Ndugu zako?"

Rosaria alipanda, akaupakata mzigo magotini. Dereva akawasha gari.