Mwendo wa Ukoo

Kibanda changu kimeegemea ukuta wa soko, kati ya muuza vitunguu na choo cha kulipia. Si mahali pa kujivunia, lakini ndipo mimi na marehemu mke wangu tulipozeekea, mimi nashona viatu, yeye anavipaka rangi. Alipofariki niliapa kwamba hapo nitatolewa nimelala.

Wakubwa wakasikia. Mkubwa ana masikio ya ajabu: ukilia hakusikii, ukitulia tu, huyo mlangoni. Akaja ofisa wa soko na kipaza sauti, akatangaza kwamba sasa hili ni Soko la Urithi. Atakayebaki ni yule ambaye babu yake alifanya kazi hiyohiyo kijijini, na alete ushahidi. Wengine wapishe.

"Na mimi?" akauliza muuza vitunguu.

"Babu yako aliuza vitunguu?"

"Alivila."

"Hiyo ni kazi nyingine."

Mwenye choo alipitishwa palepale, kwa sababu ofisa mwenyewe alikuwa amebanwa.

Mimi nilijua babu yangu alikuwa fundi viatu. Baba aliniambia. Lakini baba naye yuko kaburini, na ofisa akasema maneno ya marehemu hayapokelewi mpaka aje nayo mwenyewe. Hapo utabishana na nani? Nikafunga kibanda, nikapanda basi kwenda kijiji alichohama baba ujanani, nisichowahi kukikanyaga. Aliyebaki huko ni shangazi yangu mmoja, dada yake baba.

Niliposhuka nilidhani kijiji kimepata ajali. Kila aliyepita alitupa mguu wa kulia nje, akavuta wa kushoto, na bega moja likashuka kama mtu anayechungulia mvunguni. Mwalimu anakwenda hivyo. Mama mwenye ndoo kichwani anakwenda hivyo, na maji hayamwagiki. Watoto wanafukuzana hivyohivyo. Hata mbuzi mmoja aliyekuwa anavutwa kwa kamba alishaanza kuushika mtindo.

Mzee mmoja akatazama ninavyotembea, akamziba macho mjukuu wake.

"Bwana," akanong'ona, "hapa kuna watoto."

Shangazi nilimkuta mlangoni kwake, anachambua mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ni wewe, mtoto wa kaka! Nimekujua tangu kule mbali. Unatembea kama umemeza mwiko, kama baba yako."

Nikamweleza shida yangu. Akacheka, akaingia ndani, akatoka na kikapu. Ndani mlikuwa na miguu miwili ya mti, myeusi kwa mafuta na ngozi.

"Babu yako alishonea juu ya hii. Fundi hawezi kushona kiatu hewani, lazima avishe ngozi kwenye kitu. Sasa yeye alichonga kwa kutazama miguu yake mwenyewe. Na alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa, mguu ukavunjika, ukaunga unavyotaka wenyewe. Unaona hapa ulivyopinda? Basi kijiji kizima kikavaa mguu wa babu yako."

"Na hawakulalamika?"

"Walalamike vipi? Mnunuzi wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Alivivaa siku ya mkutano, akaanza kwenda upande mbele za watu. Akubali kwamba kauziwa kiatu kibovu? Akasema huu ndio mwendo wa viongozi. Kesho yake watu wakajaa kwa babu yako mpaka uani."

Nikasema moyoni, nimewajua. Hawajaanza leo. Mkubwa akijikwaa sisi tunaambiwa tumesonga mbele.

"Mbona baba yangu alitembea sawa?"

"Mganga hajigangi, mwanangu. Ngozi ilikuwa ya wateja, sisi watoto wa fundi tulikwenda pekupeku. Mimi nilivaa kiatu siku ya kuolewa. Mume wangu alikwenda kuninunulia kwa baba yangu mwenyewe, na mzee hakumpunguzia hata kidogo! Nikateseka, nikazoea, nikawa mtu kama watu. Baba yako alikataa. Kila akipita wanamcheka, mnyoofu huyo, mnyoofu huyo. Ndiyo akahama."

Kumbe ndiyo sababu. Maisha yake yote baba aliniambia kwamba alifuata kazi.

Nikamsihi shangazi aje anishuhudie. Akavaa khanga mpya, akachukua kikapu chake, tukaondoka.

Kamati ya Urithi ilikaa nyuma ya meza ndefu yenye chupa za maji. Mwenyekiti wa kamati katikati, na pembeni mtaalamu wa koo za watu, mwenye tai. Mtaalamu akaipokea ile miguu ya mti kama anapokea mtoto mchanga. Akamwomba shangazi atembee kutoka mlangoni hadi dirishani. Shangazi akaenda, mguu nje, mguu ndani, bega chini.

"Huyu ndiye!" mtaalamu akapiga makofi. "Tazameni, ni mguu uleule! Haya, na wewe baba."

Nikatembea.

"Rudia."

Nikarudia.

"Huyu si wa ukoo huu," mtaalamu akasema.

Shangazi akainuka. "We mtoto, una wazimu? Huyu kazaliwa na kaka yangu wa tumbo moja!"

"Mama, damu hatuioni. Mwendo tunauona."

"Nipeni kiatu chochote nikishone hapahapa," nikasema. "Nimekuja na msharasi wangu." Nikautoa mfukoni. Mtaalamu akarudi nyuma alipoiona ile sindano.

"Kushona hata mashine inashona," mwenyekiti akajibu. "Sisi tunalinda urithi. Kibanda tunampa mama."

Nilingoja shangazi akatae. Akauliza, "Kina kivuli?"

"Kinacho."

"Nakichukua."

Nje nilimtolea maneno ambayo mtu hamwambii shangazi yake. Kwamba kanipora. Kwamba pale ndipo alipokaa mke wangu. Aliniacha niseme mpaka nikakaukiwa.

"Umemaliza? Sasa geuka, mtazame yule kwenye korido."

Kijana mwenye shati la kung'aa alikuwa anapita kuelekea ndani, anachechemea vibaya, anavuta mguu wa kulia badala ya wa kushoto. Mlinzi akamwamkia, "Karibu, mpwa wa mwenyekiti!" Mlangoni akainama, akavua kiatu, akakung'uta kokoto, akalirudisha humohumo kiatuni, akavaa, akaingia.

"Ningekataa," shangazi akasema, "sasa hivi huyo ndiye mjukuu wa baba yangu, na kibanda ni chake."

Nikampokea kikapu.

Kwa hiyo sasa kibanda ni cha shangazi na mimi ni mfanyakazi wake. Hajui kushika sindano. Anakaa upande ule wa rangi, alipokaa mke wangu, anaongea na kila mpita njia, na wiki ya kwanza nilishindwa kumtazama. Lakini si yeye aliyeniweka hapa, ni wao. Na hawajamaliza, maana wametangaza kwamba mkaguzi atapita Jumatatu, na yeyote atakayekutwa anafanya kazi ndani ya Soko la Urithi bila mwendo wa urithi ataondolewa, hata kama ni kibarua.

Nimejishonea viatu juu ya miguu ya babu. Kila asubuhi kabla ya wateja navivaa, natembea nyuma ya choo. Vinauma mpaka kiunoni. Mke wangu alikuwa akinitambua sokoni kwa mwendo, katikati ya umati wote ule. Alisema ni mimi peke yangu ninayetembea kama najua ninakokwenda. Angeniona leo angenipita.

"Bega!" shangazi anapiga kelele.

"Limeshuka, shangazi."

"Limeshuka kwa hasira hilo. Rudi ukutani, ulishushe kwa heshima."