Mtiifu, Mnyenyekevu, Mcha Mungu

…mtiifu, mnyenyekevu, mcha Mungu, halafu nini tena, Nakhungu alijiuliza mbele ya kompyuta ya ofisi ya walimu, maana maneno hayo alikuwa amewavisha watoto wa watu miaka nenda miaka rudi, Bungoma kwanza, sasa hapa Kitale, mpaka yamechakaa kama sweta ya kurithi, kila anayetaka shule kubwa analetwa kwake, ati Madam ana mkono wa barua, mkono gani jamani, mkono umechoka, macho yamechoka, na chini ya meza kuku wa Mama Chepchumba yuko amefungwa miguu, mama wa watu ametoka naye kijijini kwao, Kwanza, alfajiri, kumkataa kuku wa mzazi ni tusi, kumpokea ni mzigo, “Mwalimu, andika tu ni mtoto mzuri,” alimsihi akimshika kwa mikono yote miwili, “ile mdomo yake ya kubishana usiweke, wataogopa, na wakikataa yeye hakuna shule ingine, atakaa tu na mimi kwa shamba,” na ni kweli, shule ile ya Nairobi huchukua watoto wachache kutoka nchi nzima ikawasomesha bure, wanaobaki wanabaki… “Madam, si utumie tu ile ya mwaka jana,” mwalimu mkuu Kemboi aliita kutoka mlangoni, “badilisha jina, tutume kabla stima ipotee, bana,” naye akajibu ndiyo mwalimu, ndiyo, jibu lake la siku zote, lakini shule yenyewe imeuliza swali, tueleze tukio moja ulipoona jinsi mwanafunzi huyu anavyofikiri, tukio gani sasa, mtiifu hana tukio, mtiifu hukaa akanyamaza, tukio la Chepchumba ni lile la mdahalo, na lile… lile aliache…

lakini lilikuwa limeshafika, ukumbi ule wa Bungoma, kombe mezani, yeye Nakhungu amewafunza wanafunzi wake wiki nzima kusema kilimo cha tumbaku kipigwe marufuku, na wamesema vizuri mno, kisha msichana wa upande wa pili, wa shule ya Malakisi kunakolimwa tumbaku, akasimama, hana karatasi, akasema sisi wote mnaotuona hapa tumesomeshwa na tumbaku, haya, pigeni marufuku, halafu mniambie baba yangu kesho apande nini, na Chepchumba aliyebaki kufunga hoja, ushindi uko mkononi kabisa, akainuka, akasema, “Waheshimiwa waamuzi, nimesikiliza huyu dada. Sina jibu. Sisi tulikuja na marufuku, lakini baba yake hatukumfikiria,” akaketi, akaketi tu hivyo, jamani, wakarudi Kitale bila kombe, wenzake hawamsemeshi, na Nakhungu naye muhula mzima hakumwita ajibu swali hata alipoinua mkono, kwa hasira… hasira, au wivu, sema ukweli wako Nakhungu, ulikuwa wivu, maana yeye hajawahi kusimama mbele ya watu akabadili mawazo na watu wakamwona, walipomhamishia Kitale alisema ndiyo, kaka zake walipouza shamba la mama alisema ndiyo huku moyo unamuuma, yeye pia aliandikiwa barua, Mwalimu Makokha alimwandikia akienda chuo cha ualimu, mtiifu, ikasema, aliisoma akafurahi, wakamchukua, na tangu siku ile amekuwa akiishi vile ilivyoandikwa, hakuna aliyemlazimisha, alijilazimisha mwenyewe… “Madam, bado?” Kemboi aliita tena, akasema bado mwalimu, vidole juu ya vibonye, havibonyezi kitu, jina kwenye barua bado ni la mtoto wa mwaka jana, akaogopa, maana akiandika habari za mdahalo huenda watu wa Nairobi wakaona ukaidi tu, mtoto akakosa nafasi, na atamwambia nini mama yake, lakini nyuma ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine, kubwa zaidi, asije akaandika ile ya kawaida wakamkubali, wakamkubali huyo mtiifu ambaye hayupo, na Chepchumba ikambidi awe mtiifu huyo maisha yake yote.