Iko kwenye Ukoo

"Mapigo mia na ishirini na nane," nesi wa kiwanda akasema, akiuachia mkono wa mshonaji. "Pikipiki, leo umekanyaga mafuta."

Jina hilo alipewa na wenzake wa meza ya kola. Anakula kama watu wawili na hanenepi, na ukilala naye kitanda kimoja utasikia kifua kinavyogonga. Nje wanawake arobaini walipanga foleni juani. Asiyepata cheti cha afya leo, kesho hagusi cherehani.

Daktari wa kampuni hakuinua uso. "Unatumia nini? Vidonge?"

"Chai tu, daktari."

"Na hilo shingoni nalo ni chai?"

Akalifunika tezi kwa kiganja.

"Likatwe. La sivyo sisaini. Sitaki mtu aniangukie kwenye mashine."

Mshonaji akamsogezea barua ya hospitali kubwa. "Wamekataza nisikatwe. Homoni ya tezi imejaa kwenye damu, mwili hauisikii. Moyo ndio unaisikia, unachapwa kama punda. Dawa ya kuutuliza nameza. Mama yangu alikatwa, daktari. Tezi likaota tena, na moyo ukakimbia mpaka ukamwangusha. Siyo vidonge. Nimezaliwa nayo, iko kwenye ukoo."

Sasa daktari akamtazama.

"Ukoo. Una ndugu humu kiwandani?"

Akatikisa kichwa haraka. "Sina mtu."

Nesi akacheka, bila ubaya, kama anayemkumbusha shoga yake. "Wewe naye. Na yule mdogo wako wa meza ya vifungo? Tumbo moja kabisa, tena mnagombania kandambili."

"Aitwe," daktari akasema. Barua akairudisha kama ilivyokuja, haijakunjuliwa.

Mdogo mtu akaingia anatafuna, uzi umemganda kwenye nywele, shati limefungwa mpaka kooni. "Shikamoo, daktari. Dada, vipi, wamekupandisha cheo?"

"Fungua kifungo cha juu," daktari akamwambia.

Tabasamu likabaki mdomoni, halijui pa kwenda. Akamgeukia mkubwa wake. "Dada? Nifungue?"

Mlango ukapigwa na wa foleni, kofi juu ya kofi.

"Nyie ndugu wawili, mmehamia humo? Tokeni. Na sisi tuna watoto wa kulisha."