Marehemu wa Ghorofa ya Nne

Asubuhi ya siku ya mwisho ya Obon, sikukuu ya wafu kurudi majumbani mwao, Kuwabara Tetsuji alikuwa jikoni akifunga matonge ya wali kwa mwani mkavu, mkewe alipoingia kwa mlango wa barazani. Sumie alikuwa amefariki mwezi wa pili. Wafu wengine wote wa mtaa walikuwa wamefika kwao siku tatu nyuma.

"Uliweka nini mlangoni, mzee?" aliuliza.

"Bilinganya."

"Bilinganya ni ng'ombe. Ng'ombe ni wa kuondokea, ili mtu aende polepole. Wa kujia ni farasi, na farasi ni tango! Miaka arobaini na sita unaniona nikiwachomekea njiti za miguu, ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa natazama mikono yako."

"Tazama ulivyonichelewesha. Kila penye majani, yule mnyama anasimama."

Tetsuji akaomba radhi, akafunga matonge mawili zaidi. Marehemu huja bila miguu, na Sumie naye hakuwa nayo kuanzia magotini. Hakusikitika, kwa kuwa magoti ndiyo yaliyomtesa miaka tisa. Penye tambarare aliteleza vizuri, akielea kimo cha kiganja kimoja juu ya ardhi. Ngazi zilimshinda, kama zamani.

Walikuwa na muda hadi magharibi, watu watakapowasha mioto malangoni kuwasindikiza wafu wao.

"Nipeleke ngomeni," alisema Sumie. "Juu kabisa."

Ngome ya Minezawa iliungua vitani, ikajengwa upya kwa zege. Wakubwa wa mji waliwaambia watoto wa shule wabebe mchanga kutoka mtoni, wakawaahidi kwamba siku ya ufunguzi watapanda wa kwanza. Sumie alikuwa na miaka tisa. Alibeba mchanga kwa kitambaa kiangazi kizima, shingo ikachubuka. Siku ya ufunguzi walipanda wakubwa na wake za wakubwa. Watoto walipewa bendera za karatasi, wakaambiwa wapunge wakiwa chini. Baadaye ukaja ukwe, zikaja zamu za kiwanda cha tambi, yakaja magoti. Alipostaafu, lifti ya ngome ilikuwa imefungwa kwa matengenezo. Ilitengenezwa miaka sita. Ilifunguliwa siku tisa baada ya mazishi yake, na meya akakata utepe.

Hawakuwa na haraka. Walikaa chini ya msonobari kando ya handaki la maji, nyenje wakipiga kelele, Tetsuji akila na Sumie akinusa. Alipenda tonge lenye plamu ya chumvi. Akalinusa mpaka likapoteza ladha, na Tetsuji akalila hivyo hivyo.

Mlangoni mwa ngome, wageni huvua viatu na kuvibeba ndani ya mfuko wa plastiki. Bibi Hirose, mwenye kugawa mifuko, alimwinamia Sumie kwa heshima.

"Poleni na msiba. Viatu vya mama viko wapi?"

"Hana miguu," alisema Tetsuji.

"Naona. Ila watu tunawahesabu kwa mifuko ya viatu. Asiye na mfuko hayumo ndani, na asiyemo ndani siwezi kumpisha apande."

Tetsuji akavua kandambili zake, ya kushoto akaitia kwenye mfuko wake, ya kulia kwenye mfuko wa mkewe. Bibi Hirose akaridhika.

"Na lifti?"

"Ni ya wenye kadi ya ulemavu, babu."

"Alikuwa nayo! Nyie wenyewe mliniandikia niirudishe. Barua ya kwanza kutoka ofisi ya mji baada ya mazishi haikuwa ya rambirambi, ilikuwa ya kudai kadi."

"Uliirudisha?"

"Niliirudisha."

"Ulifanya vizuri," alisema Bibi Hirose. "Wengine hukaa nazo."

Basi akambeba mgongoni. Alikuwa mzito kama godoro lililonyeshewa, na ngazi za ngome zimesimama wima, zilitengenezwa ili adui achoke.

"Unahema kama fahali, mzee."

"Kamata shingo, acha maneno."

"Nikikamata zaidi ya hapa tutarudi wote leo."

Ghorofa ya pili palikuwa na bamba la shaba lenye majina ya waliojenga upya: meneja wa benki, mkandarasi, tajiri wa mbao. Sumie alisoma lote, kisha akaweka kiganja ukutani, kama mtu anayepima homa.

"Mchanga wangu hawakuuandika," alisema. "Twende."

Walipita ghorofa ya nne, wakawa katikati ya ngazi ya mwisho, vidato kumi na vitatu vimebaki, msimamizi Nagai alipowaita kutoka chini.

"Babu! Kubebana ni marufuku. Kanuni ya kumi na moja. Mama akianguka je?"

"Atakufa?"

Nagai akafikiri. "Kanuni haisemi kufa. Inasema kuanguka. Mshushe, chini kuna runinga ya wasioweza kupanda. Inaonyesha mandhari yote ya juu, na mheshimiwa meya anawakaribisha mwanzoni."

Tetsuji alimtua mkewe kwenye kidato kwa sababu mgongo ulikuwa umekwisha. Sumie akajikalisha vizuri, akakunja mikono.

"Nikishuka sipandi tena," alisema. "Na yule wa kwenye runinga sitamtazama."

Nagai alisoma kanuni mara mbili. Wageni walisema samahani, wakampita, wakapanda. Muziki wa kufunga ukapigwa. Kwenye tundu la mishale ilionekana mioto ikiwashwa malangoni, mmoja baada ya mwingine.

"Wenzako wanaondoka, mama," alisema Tetsuji.

"Waende salama."

Tetsuji akatoka na mifuko yote miwili. Bibi Hirose akahesabu, akaona ndani hamna mtu, akafunga.

Sumie yupo pale hadi leo. Ofisi ya mji imeweka kibao: *Marehemu ameketi. Tafadhali pita kushoto.* Kila Jumatano Tetsuji hupanda, hukaa kidato cha chini yake, humpa habari za mtaa. Siku moja alipanda mpaka juu akashuka.

"Kuna nini?" aliuliza Sumie.

"Mapaa."

"Mto je?"

"Upo. Mlipochotea mchanga wamefanya maegesho ya magari."

Sumie akajipapasa shingo.

Tetsuji aliandika barua kwa mwandiko wake mbaya, akiomba mkewe arudishiwe kadi kwa safari moja ya lifti. Jibu lilikuja vuli, lina mhuri. Lilisema kadi hutolewa bila ubaguzi, na kwamba mwombaji afike mwenyewe dirisha namba sita, ghorofa ya chini, akiwa na picha ya karibuni.

Alimsomea Sumie pale ngazini kwa sauti, mhuri na yote. Nyuma ya ukuta lifti ilipanda, ikafunguka juu, ikashuka. Haikuwa na mtu.

"Dirisha liko ghorofa ya chini?" aliuliza Sumie.

"Ya chini."

"Basi. Umekuja na persimoni? Nimenyee moja, ninuse."

Tetsuji akamenya.