Shairi Lililokatiwa Gauni

Mume wangu alikuwa mshairi, mimi fundi wa kushona, na nyumba nzima ilikuwa na meza moja. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Karatasi nyeupe ilimtisha. Mwache akae nayo asubuhi nzima, hapati hata neno. Lakini akiona karatasi zangu za khaki za kukatia vipimo, mashairi yanammiminika! Nageuka kidogo kumpima mteja kiuno, nikirudi nakuta karatasi ya kola imeandikwa, ya mgongo imeandikwa. Nimegomba weee, mpaka nikachoka. "Nitanakili baadaye," ananiambia. Baadaye yake hiyo haikuwa na tarehe.

Tangu afariki, huu sasa ni mwezi wa nne. Juzi akaja mhariri wake, binti mpole, kuniambia kitabu kinakwenda mtamboni na kilichokosekana ni ubeti wa mwisho wa shairi la mwisho.

"Mama, alitwambia ameshauandika."

"Kama aliuandika, basi umeshavaliwa na mtu."

Alidhani natania. Nikamwonyesha ukutani: misumari kumi na miwili, kila msumari na rundo lake la mikono, migongo na kola za karatasi. Tukayashusha yote, tukaanza kutambaa sakafuni, yeye na sketi yake ya ofisini, mimi na magoti yangu mabovu.

Tukiwa humo humo, akaingia shemeji yangu, mdogo wake marehemu, karatasi mkononi. Naye hutunga, au ndivyo anavyosema.

"Msihangaike bure," akasema. "Ubeti nimeumalizia mimi. Damu ni moja."

Tulimwacha amesimama. Baada ya saa nzima nikaupata, kwenye kipande cha mgongo wa gauni. Mwandiko wa mume wangu, ule ule wa kukimbia. Mistari mitatu ilikuwa mizima, na wa tatu ulisema: *Nenda ulize sindano, nani aliyenishona.* Kumbe shairi lilikuwa langu! Wa nne ukaanza: *Nikifa msitafute,* kisha basi. Karatasi imekatwa safi, pale pa kuingilia mkono. Vile vibaki vya pale huwa nawashia jiko.

Gauni lenyewe nililikumbuka, la mteja mmoja mwenye pupa, alisimama mlangoni akitikisa funguo. Nilikata bila kusoma. Miaka thelathini na mmoja nimekaa meza moja na mtu yule, na maandishi yake nilikuwa nayaona uchafu tu.

Shemeji akaona nafasi yake imefika. Akakohoa, akakunjua karatasi.

"*Nikifa msitafute, mshairi kama mimi.*"

"Nani huyo anayesema?" nikamuuliza. "Kaka yako? Mtu aliyeona haya hata kuisifia chai aliyoichemsha mwenyewe?"

"Hesabu mizani, shemeji. Imetimia."

"Hata gauni la jirani linanienea. Haliwi langu kwa hilo."

Binti akatazama saa. Akasema mtambo haungoji: ama tuchukue maneno ya shemeji, ama ubeti wote uachwe. Machozi yakanijaa, siwezi kuficha. Nilitaka mume wangu amalize kwa sauti yake, hata kama sauti yenyewe inaishia njiani.

"Chapeni ulivyo," nikasema. "Nusu ya mstari iliyobaki iacheni tupu."

"Watu watadhani mtambo umekosea, mama. Niweke maelezo chini, kwamba mswada umepotea?"

"Hapo sawa," shemeji akadakia. "Umepotea. Ni heshima kwa wote."

"Haukupotea. Andika: nusu hii ilikatwa na mke wake, ambaye hakuisoma."

Shemeji akashika kichwa. "Jamani, shemeji! Unajianika hadharani? Kitabu hiki kitasomwa na watu!"

"Na wasome. Mimi mwenyewe sijakisoma."

Maneno yalinitoka kabla sijayapima. Shemeji akakunja karatasi yake taratibu, akaitia mfukoni, akavuta kiti. Binti akaandika nilivyomwambia. Mlangoni mteja akabisha hodi. Nikamwambia leo hatushoni. Kisha nikamwomba binti anisomee shairi lote, tangu ubeti wa kwanza, tena polepole.