Jora Lisilochuja

Jumanne asubuhi, kabla ya kengele ya zamu, Ponnuthayi aliinamia jora la pamba nyeupe kutafuta matundu, na kumkum, alama yake ya unga mwekundu, ikamtoka kwenye paji la uso ikahamia kitambaani. Haikupukutika. Ilihama nzima, duara lile lile, jekundu vile vile.

"Ni hilo jora jipya, dada," alisema Thenmozhi, mkemia wa kiwanda cha kutia nguo rangi. "Tumelitia dawa ya matawi."

Chembe ya dawa ile, alieleza, ni kama mti: tawi huzaa tawi, na kila ncha ina kiganja cha kudaka rangi. Mashine zilizokuwa zikilishwa chumvi kwa magunia ili rangi ishike, chumvi ambayo iliishia katika mto Noyyal, sasa hazikutaka hata kijiko. Na rangi haichuji. Rangi inayochuja, katika viwanda vya Tiruppur, huitwa mtoro.

"Basi lina uroho," alisema Ponnuthayi, akajipaka nyingine.

Kufikia chakula cha mchana hiyo nayo ilikuwa imehamia jorani, ingawa alisimama hatua kumi mbali nalo. Za wanawake wengine wa zamu hazikuguswa.

Hilo lilimchoma. Kumkum hupakwa na mwenye mume, mjane huifuta. Miaka miwili nyuma, mumewe Rakkiyappan aliteremshwa kwenye tangi la maji machafu azibue bomba, na hakupanda tena. Kiwanda kiliandika daftarini kwamba ametoroka kazi. Kila asubuhi karani alisoma jina lake, akajijibu mwenyewe, "Mtoro." Ponnuthayi akaapa hafuti kumkum mpaka waandike kwamba amekufa, na amefia wapi. Wenzake walimwita mke wa mtoro, naye aliwajibu kwa matusi ya nguoni.

Ijumaa alilibeba jora begani akalitandaza juu ya mfuniko wa tangi lile.

"Kama unajua, sema," aliliambia.

Kwanza ilipanda kitambaani kijani ya shuka ya kiunoni yenye miraba. Ikafuata kahawia ya shati lililokosa kifungo cha pili, kisha mikono ya bluu hadi viwiko, kama ya kila mtia rangi. Mwisho ulipanda uzi wa manjano kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, ambao Ponnuthayi aliufunga mwenyewe siku ya sikukuu ya mungu wa kike Mariamman. Mtu yule alilala ubavu, kiganja chini ya shavu. Ndivyo alivyokuwa akilala nyumbani. Ponnuthayi alikaa kando yake akalia.

Msimamizi Subbarayan alikuja na futi ya kupimia. "Futi tano na inchi nne," alisema. "Doa kubwa hili. Linatoka?"

Thenmozhi alikata kipande cha jora penye ile shuka, akakichemsha kwa sabuni mara tano, akakisugua, akakianika juani. Kisha akaandika: daraja la tano, alama ya juu kabisa.

"Si mtoro," alisema.

"Umesikia, bwana msimamizi?" alisema Ponnuthayi. "Mkemia wako kasema si mtoro. Haya, andika."

"Mama, hapo anasema rangi."

"Na mimi nasema mume wangu! Rangi ina daftari la kweli, mtu hana?"

Subbarayan alitazama tangi, akatazama saa. Aliandika kwamba jora lina dosari ya picha, likatwe matambara ya kufutia mashine. Siku hiyo hiyo agizo la dawa ya matawi liliongezwa mara tatu.

Jumatatu matambara yaligawiwa. La Ponnuthayi lilikuwa na mkono wa kushoto, na uzi wake. Alijua wenziwe wanamtazama. Alilikunja vizuri, akaliinua mpaka kwenye paji la uso, akaiacha kumkum ifutwe na mkono wa mume mwenyewe. Kiapo alikivunja hapo, na hakuna aliyemwita mke wa mtoro.

Kengele ikalia. Karani akafungua daftari.

"Rakkiyappan," alisoma.

Akangoja kidogo, kama kawaida.

"Mtoro," alisema, akageuza ukurasa.